Kikomo cha mishahara kisicho na mianya: mwongozo kwa klabu za Kigoma kutokana na hesabu za hoki ya barafuni

Mwongozo huu ni wa makatibu na waweka hazina wa klabu za Mwanga, Gungu, Katubuka, Kibirizi, Ujiji na kwingineko Kigoma ambao ligi yao imekubaliana, au inafikiria kukubaliana, kuweka kikomo cha malipo ya wachezaji ili timu yenye tajiri isinunue ubingwa kabla mpira haujapigwa. Kuandika kwamba hakuna klabu itakayolipa zaidi ya shilingi milioni 30 kwa msimu ni kazi ya dakika moja. Kinachochosha ni kueleza hiyo milioni 30 inahesabiwaje, maana ujanja wote hupita hapo.

Mchezo uliolipa ada kubwa kuliko yote kujifunza jambo hili uko mbali na ziwa letu: hoki ya barafuni. Ligi ya NHL, inayochezwa Marekani na Kanada, ilifuta msimu mzima wa 2004-05 kwa sababu ya mgogoro wa mishahara, ikarudi 2005-06 na kikomo kigumu cha dola milioni 39 kwa kila timu. Tangu hapo mameneja na mawakala wanatafuta pa kupenyea, ligi inaziba, nao wanahamia pengine. Karibu kila mbinu mtakayoikuta kwenye daftari la klabu ya hapa imeshajaribiwa kule, na matokeo yake yanajulikana.

Amueni kwanza ni fedha ipi inayohesabiwa

NHL ilichagua wastani. Unachukua fedha zote za mkataba, unagawanya kwa idadi ya miaka, na jibu ndilo linaloingia kwenye kikomo kila msimu, bila kujali mchezaji amepokea kiasi gani mwaka huo. Nia ilikuwa njema, klabu ijue mapema mzigo wake wa miaka ijayo. Ila wastani una udhaifu mmoja: ukiongeza miaka ya bei ya chee mwishoni, unashuka. Si lazima mchezaji aicheze miaka hiyo. Inatosha iwe imeandikwa.

Angalieni mkataba wa Marian Hossa na Chicago wa mwaka 2009: miaka 12, jumla dola milioni 63.3. Miaka saba ya kwanza alipangiwa dola milioni 7.9 kila mwaka, wa nane milioni 4, na minne ya mwisho milioni 1 kila mmoja. Wastani wake ni milioni 5.275. Kwa hiyo kila msimu wa ile saba ya mwanzo Chicago walikuwa na mchezaji wa milioni 7.9 huku kikomo kikimsoma kama wa milioni 5.275, na ile milioni 2.6 iliyobaki inatosha kumchukua mchezaji mwingine wa maana. Mwaka huohuo Vancouver walimpa kipa Roberto Luongo miaka 12 kwa dola milioni 64: milioni 10 mwaka wa kwanza, milioni 1 kwa kila mmoja wa miaka miwili ya mwisho, ambayo ingemkuta akiwa mtu mzima wa miaka arobaini na kitu.

Julai 2010 New Jersey Devils wakavuka mpaka. Walimsaini Ilya Kovalchuk kwa miaka 17 na dola milioni 102. Kati ya hizo, milioni 98.5 zilikuwa za miaka 11 ya kwanza. Miaka sita iliyobaki iligawana milioni 3.5, mitano ya mwisho ikiwa ya dola 550,000 kila mmoja. Wastani ukatoka milioni 6, na mkataba ulikuwa uishe akiwa na miaka 44. Ligi ikaukataa, na Agosti msuluhishi Richard Bloch akaipa ligi haki. Kosa halikuwa urefu wenyewe, kwa kuwa kanuni za wakati ule hazikuweka ukomo wa miaka. Kosa lilikuwa kwamba hakuna aliyeamini miaka ile ya mkia ingechezwa.

Kwetu miaka 17 haiwezekani. Kanuni za FIFA zinaishia miaka mitano, na mitatu kwa mchezaji aliye chini ya miaka 18. Lakini mitano inatosha kabisa. Tuseme kikomo ni milioni 30, na klabu inamtaka mshambuliaji. Inamwandikia mkataba wa miaka mitano: msimu wa kwanza shilingi 5,000,000, wa pili 4,400,000, wa tatu 1,800,000, wa nne 400,000 na wa tano 400,000. Jumla 12,000,000, wastani 2,400,000. Misimu miwili ya kwanza amelipwa 9,400,000 lakini kwenye kikomo zimesomeka 4,800,000 tu. Zimefichika 4,600,000, na zimefichika kihalali, kwa karatasi iliyosainiwa na pande zote. Msimu wa tatu kijana anaaga, anakwenda zake Bujumbura au Dar, na hakuna anayeshangaa.

Ushauri wetu ni kuachana na wastani. Ligi ndogo haina sababu ya kuutumia. Andikeni hivi: "Kinachohesabiwa kwenye kikomo ni kiasi chote ambacho mchezaji anastahili kulipwa kwa ajili ya msimu husika, kiwe kimelipwa, hakijalipwa au kimeahirishwa." Neno "anastahili" msilibadilishe kuwa "amelipwa". Mkiandika "amelipwa", klabu itamlipa nusu sasa na kumwambia nusu nyingine atamaliziwa msimu ujao, na kikomo kitaiona nusu tu. Hata NHL imepitia hapo: mwaka 2024 Carolina walimpa Seth Jarvis miaka minane kwa dola milioni 63.2, wastani wa kawaida ukiwa milioni 7.9, lakini kwa kuwa sehemu ya fedha ingelipwa baada ya mkataba kwisha, kikomo kilisoma kama milioni 7.42. Makubaliano mapya ya ligi na wachezaji ya mwaka 2025 yamefuta njia hiyo. Na kwa mpira wa miguu kuna hatari nyingine juu yake: kwa kanuni za FIFA, mchezaji anayedai mishahara ya miezi miwili anaweza kuipa klabu notisi ya siku 15 na kisha kuondoka kwa sababu halali. Anayeahirisha malipo ili akwepe kikomo anaweza kujikuta hana kikomo wala mchezaji.

Kama klabu zimeshikilia wastani

Mara nyingine kikao kinakataa. Timu yenye fedha leo na isiyo na uhakika wa kesho itapigania wastani, na ina hoja. Basi wekeni mambo mawili pamoja, mteremko na marejesho, kwa kuwa kila kimoja peke yake kina tundu.

Mteremko ni kanuni ya kuzuia mshahara kuporomoka. Baada ya mgogoro wa pili uliokula karibu nusu ya msimu wa 2012-13, NHL iliamua kwamba mkataba usizidi miaka minane kwa mchezaji wa klabu yenyewe na saba kwa anayetoka nje, tofauti kati ya mwaka mmoja na unaofuata isizidi asilimia 35, na mwaka wa chini kabisa usiwe chini ya nusu ya mwaka wa juu kabisa. Jaribuni kanuni hiyo kwenye mfano wetu. Ukianza na 5,000,000, msimu wa pili hauwezi kuwa chini ya 3,250,000, na mitatu iliyobaki haiwezi kuwa chini ya 2,500,000 kila mmoja. Jumla inakuwa 15,750,000, wastani 3,150,000. Misimu miwili ya kwanza anapokea 8,250,000 na zinasomeka 6,300,000. Zilizofichika zimeshuka kutoka 4,600,000 hadi 1,950,000. Mwanya umepungua lakini upo, na ndiyo maana mnahitaji la pili.

Marejesho maana yake ni hivi: mchezaji akistaafu au akiondoka kabla ya miaka ya mkia, klabu iliyofaidi inakatwa ile tofauti kwenye kikomo chake. NHL iliyaweka mwaka 2013 kwa mikataba mirefu iliyokwisha kusainiwa, na hesabu yake inaonekana vizuri kwa Kovalchuk yuleyule. Baada ya ule mkataba wa kwanza kukataliwa, Devils walimpa mwingine wa miaka 15 na dola milioni 100, ukakubaliwa. Julai 2013 akastaafu NHL na kurudi kwao Urusi kuchezea SKA ya Saint Petersburg. Misimu mitatu alilipwa 6, 6 na 11, jumla milioni 23. Wastani wa milioni 6.67 mara tatu ni milioni 20. Tofauti milioni 3, ikagawanywa kwa miaka 12 iliyobaki: dola 250,000 kila msimu hadi 2024-25. Kwa timu yenye kikomo cha makumi ya mamilioni, hilo ni deni lisilomnyima mtu usingizi.

Sasa geuzeni upande wa pili. Mwaka 2012 Nashville walilinganisha ofa ya Philadelphia na kumbakiza Shea Weber kwa miaka 14 na dola milioni 110, miaka minne ya kwanza ikiwa ya milioni 14 kila mmoja. Nashville walimlipa milioni 56, kikomo kikasoma milioni 31.4, kisha 2016 wakambadilisha na Montreal. Kwa kanuni ileile, kama angestaafu akiwa amebakiza mwaka mmoja, tofauti yote ya dola milioni 24.6 ingeiangukia Nashville ndani ya msimu mmoja, kwa mchezaji ambaye hawakuwa naye kwa miaka. Mwaka 2020 ilibidi ligi iongeze kwamba marejesho ya msimu mmoja yasizidi wastani wa mkataba.

Ubovu uko kwenye kigawanyo. NHL inagawa kwa miaka iliyobaki, kwa hiyo anayeondoka mapema kabisa halipi kitu na anayeondoka mwishoni anavunja benki. Ninyi gawanyeni kwa misimu ambayo klabu ilifaidi. Kwenye mfano wetu wa kwanza, klabu ilifaidi misimu miwili, kwa hiyo zile 4,600,000 zinarudi kwa misimu miwili inayofuata, 2,300,000 kila mmoja. Kikomo chake kinakuwa 27,700,000 wakati wenzake wana 30,000,000. Hiyo inauma, na inauma kwa kadiri ya kosa.

Orodha ya majeruhi

Hapa ndipo tunapowasihi msipite haraka, maana mwanya huu hauhitaji mkataba mrefu wala hesabu. Unahitaji bandeji tu.

Hadi msimu wa 2024-25 NHL iliruhusu klabu kuvuka kikomo kwa kiasi chote cha mshahara wa mchezaji aliyeumia, mradi angekosa angalau mechi 10 na siku 24. Kanuni yenyewe ina haki, kwani hakuna anayetaka timu icheze pungufu kwa sababu mtu amevunjika. Tatizo lilikuwa kwamba kikomo kilifanya kazi kwenye msimu wa kawaida tu. Hatua ya mtoano ilipoanza hakikuwepo tena. Msimu wa 2020-21 Nikita Kucherov wa Tampa Bay, mwenye wastani wa dola milioni 9.5, alifanyiwa upasuaji wa nyonga na kukosa mechi zote 56 za msimu. Fedha zake zikatumika kubakiza wengine. Mechi ya kwanza ya mtoano akarudi, akamaliza akiwa kinara wa pointi (mabao na pasi za mabao) kwa pointi 32, Tampa wakabeba kombe wakiwa na kikosi kilichozidi kikomo kwa karibu dola milioni 18. Ligi ilichunguza na haikukuta kanuni iliyovunjwa. Chicago walikwishafanya kitu cha aina hiyo 2015, Patrick Kane alipovunjika mfupa wa mtulinga Februari na kurudi siku ya kwanza ya mtoano, na wao pia wakachukua kombe. Ilichukua hadi msimu wa 2025-26 kuweka kikomo kwenye mtoano: sasa wachezaji 20 wanaoingia kwenye orodha ya mechi lazima watoshe ndani yake.

Leteni jambo hilo nyumbani. Klabu imetumia 29,500,000. Nahodha wa 4,000,000 anaumia mwezi wa tatu, klabu inasajili mbadala wa 3,500,000. Jumla sasa ni 33,000,000. Siku ya nusu fainali Uwanja wa Lake Tanganyika, nahodha anashuka kwenye Hiace akiwa na viatu mkononi na mbadala wake yuko nyuma yake. Bila kanuni, hamna la kufanya.

Kwa ligi ya timu nane zinazocheza nyumbani na ugenini, yaani mechi 14, viwango hivi vinafaa: mchezaji akose angalau mechi tano na siku 30, na hesabu ianze siku klabu ilipomkabidhi katibu wa ligi cheti. Cheti kiwe cha hospitali au kituo cha afya chenye mhuri, kikitaja jeraha na muda wa kupumzika. Barua ya daktari wa timu haitoshi, hata kama daktari huyo ni mtu mwaminifu. Mbadala asizidi mshahara wa aliyeumia. Kisha sentensi inayofunga mlango: "Katika kila mechi ya mtoano, jumla ya malipo ya msimu ya wachezaji walioandikwa kwenye orodha ya siku hiyo isizidi sehemu ya kikomo iliyowekwa kwa orodha hiyo." Kwa orodha ya wachezaji 20, milioni 27 kati ya 30 ni kipimo cha kutosha. Mwamuzi wa akiba akague karatasi hiyo kabla ya kukagua njumu.

Na kamati isione haya kuuliza mtaani. Majeruhi wa goti anayeonekana Kibirizi akivuta nyavu za dagaa kwenye vipe, mitumbwi ya uvuvi, wiki zote za giza, goti lake limeshapona kwa viwango vya ligi yoyote duniani.

Kuna ndugu wa mwanya huu: mchezaji aliyekwisha kimpira ambaye hastaafu kwa sababu kustaafu kungeiletea klabu mzigo kwenye kikomo. Hossa aliacha kucheza 2017 kwa maradhi ya ngozi, lakini mkataba uliendelea, na mwaka uliofuata ukahamishiwa Arizona, timu iliyohitaji namba kubwa kwenye vitabu ili kufikia kiwango cha chini cha matumizi. Chris Pronger aliingizwa kwenye jumba la heshima la hoki 2015 akiwa bado kwenye mkataba, huku akifanya kazi ofisi ya ligi. Wekeni tu kwamba asiyeingia kwenye orodha ya mechi kwa msimu mzima anahesabika ameondoka, na marejesho yanaanza.

Fedha zinazopita pembeni

Kwa hali ya hapa kwetu, huenda fedha nyingi zisionekane kwenye mshahara kabisa. Ziko kwenye fedha za usajili, chumba kilicholipiwa Mwanga, pikipiki, na bahasha ya tajiri baada ya mechi. Kwenye NHL fedha za usajili huingia kwenye wastani kama mshahara, kwa hiyo hazifichi kitu. Faida yake ni nyingine: klabu ikivunja mkataba inapunguza mshahara tu, haigusi fedha za usajili. Ndiyo maana mastaa walizidai kwa wingi, hadi makubaliano ya 2025 yakaziwekea mpaka wa asilimia 60 ya mkataba.

Kwenu ziingizwe zote, zikigawanywa sawa kwa misimu ya mkataba. Kodi ya chumba ya 60,000 kwa miezi kumi ni 600,000 kwenye kikomo. Pikipiki kwa bei ya risiti, na isiyo na risiti ihesabiwe bei ya mpya. Posho ya ushindi iwe na kiwango kimoja kwa ligi nzima, kwa timu, si kwa mtu. Bahasha ya mtu wa nje itazamwe kama ya klabu ikiwa mtoaji ni mlezi, kiongozi au mdhamini wake. Hili la mwisho litaleta kelele kikaoni. Lipitisheni hata hivyo, la sivyo mengine yote hapo juu ni mapambo.

Wachezaji wa mkopo wana kanuni fupi. NHL inaruhusu klabu inayomtoa mchezaji kuendelea kubeba hadi nusu ya mshahara wake. Klabu zikagundua kwamba akipitishwa klabu ya katikati, nayo ikabeba nusu ya kilichobaki, mchezaji wa dola milioni 8 anafika mwisho wa safari akiwa wa milioni 2. Sasa lazima zipite siku 75 kati ya mara ya kwanza na ya pili. Ninyi andikeni kwamba mchezaji wa mkopo anahesabiwa kwa malipo yake yote kwenye klabu anayoichezea, nani analipa si hoja, na mlango umefungwa bila hesabu ya siku.

Adhabu, na mikataba iliyokwisha kusainiwa

Wekeni adhabu kwa namba kabla ya kosa. Devils walitozwa dola milioni 3 na kunyang'anywa nafasi mbili za kuchagua chipukizi kwa mkataba ule uliokataliwa. Baadaye faini ikapunguzwa nusu, na nafasi ya raundi ya kwanza ikarudishwa, ingawa mwishoni kabisa mwa foleni. Adhabu inayojadiliwa baada ya tukio hupungua kila kikao. Kwa ligi ndogo pointi zinafanya kazi kuliko fedha: pointi tatu kwa kila 1,000,000 iliyozidi au sehemu yake, zikatwe msimu uleule kama uvunjaji umegundulika kabla ya mtoano, na msimu unaofuata kama umegundulika baadaye.

Mikataba yote ikabidhiwe kwa katibu wa ligi nakala tatu, saini za mchezaji, klabu na shahidi, kabla dirisha la usajili halijafungwa. Karatasi ya mbele iwe na safu za mshahara kwa kila msimu, fedha za usajili, makazi na vitu, na jumla ya kila msimu. Mkataba usio na karatasi hiyo hauna leseni.

Imebaki mikataba ya kabla ya kanuni. Kuihesabu ghafla ni kuwaadhibu waliofuata utaratibu wa jana, na kuisamehe yote ni kuwapa zawadi waliowahi. NHL mwaka 2013 ilizipa klabu nafasi mbili za kuvunja mkataba bila kugusa kikomo, na New York Islanders wakaitumia kwa kipa Rick DiPietro, aliyesaini miaka 15 mwaka 2006. Wapeni klabu zenu nafasi moja kila moja, itumike ndani ya siku 30 tangu kanuni kupitishwa. Ila nafasi hiyo inafuta namba kwenye kikomo tu, deni la mchezaji linabaki palepale: DiPietro analipwa dola milioni 1.5 kila mwaka hadi 2029.